Kigoda cha Milansi na Taji la Sinema: Kwa Nini Filamu ya Utendi wa Ajabu Inastahili Tuzo Kuu

1.0 Utangulizi



Usiku wa tarehe 29 Februari 2004, jijini Los Angeles, filamu iitwayo The Return of the King, ambayo ni ya tatu katika mfululizo wa The Lord of the Rings ulioongozwa na Peter Jackson, iliingia katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar ikiwa imeteuliwa katika vipengele 11, ikatoka imevitwaa vyote 11. Idadi hiyo ya ushindi ilikuwa imefikiwa na filamu mbili tu kabla yake: Ben-Hur ya mwaka 1959 na Titanic ya mwaka 1997. Jambo lililowashangaza wengi halikuwa wingi wa tuzo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hadithi yenye majini, wafalme wa kubuni na pete ya sihiri kutangazwa kuwa filamu bora ya mwaka.

Je, ilistahili? Yawezekana msikilizaji akauliza swali hilo linahusu nini mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Linahusu kwa sababu mbili. Kwanza, ugomvi uliopo kati ya uhalisia na ajabu ni ugomvi wetu pia. Umo katika uhakiki wetu, katika mitaala yetu na katika tuzo zetu. Pili, nchi yetu inao mkoa ambao umekuwa ukitajwa kwa ajabu kuliko mikoa mingine, nao ni Rukwa, hasa mji wa Sumbawanga. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika kwa upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa kwa upande wa mashariki, una kisa kimoja cha kale ambacho kinatupa vigezo bora vya kuipima filamu ya aina hii kuliko vile vilivyozoeleka katika magazeti. Dai langu ni kwamba utendi wa ajabu unastahili tuzo ya juu pale ajabu yake inapobeba swali la kweli la jamii, na kwamba Ufipa ulilijua jambo hilo kabla sinema haijazaliwa.

2.0 Ajabu Mbele ya Wahakiki

Historia ya sinema ya Marekani inaonyesha kwamba ajabu ilisifiwa sana na kutuzwa kwa nadra. The Wizard of Oz ya mwaka 1939 iliteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora ikashindwa na Gone with the Wind. Star Wars ya mwaka 1977 ilipata tuzo kadhaa za ufundi, lakini ile kuu ilikwenda kwa Annie Hall. Hata filamu mbili za kwanza za mfululizo wa Jackson zilipitia mkondo huohuo: ya kwanza iliteuliwa mara 13 ikapata tuzo 4, na ya pili iliteuliwa mara 6 ikapata 2. Kwa ufupi, mafundi wake walitunukiwa, hadithi yenyewe ikaambiwa isubiri barazani.

Kwetu sisi mpangilio wa awali ulikuwa kinyume cha huo. Katika ushairi wa Waswahili, utendi ndio uliokalia kiti cha mbele, na utendi haukuiogopa ajabu. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 inatokana na Bwana Mwengo wa Pate, unasimulia vita vya majeshi ya Kiislamu na Herekali kwa mizani ambayo si ya kawaida ya binadamu. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanatupa shujaa ambaye silaha za kawaida hazimdhuru, anayekufa kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, tena kwa mkono wa mwanawe. Wasikilizaji wa Pate na Lamu hawakuuliza kama jambo hilo linawezekana kitabibu. Waliuliza mtoto anawezaje kumuuza babaye, na ni mtawala wa namna gani anayeweza kuununua usaliti huo.

Dharau ilikuja baadaye. Uhakiki uliotawala vyuo vyetu tangu miaka ya 1970 ulitaka fasihi iwe kioo cha jamii, ukakisoma kioo hicho kwa maana finyu. Hata hivyo waandishi hawakutii. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuandika Kusadikika, nchi iliyo angani, na Adili na Nduguze, yenye mfalme na majini. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, aliipeleka riwaya ya Kiswahili hadi peponi na kuzimu. Hivyo anayesema kwamba ajabu ni jambo geni lililoletwa na sinema za kigeni hajaifungua rafu yake mwenyewe ya vitabu.

3.0 Kisa cha Milansi

Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kuchapisha vitabu kadhaa kuhusu Wafipa, kikiwemo kile cha mwaka 1981 juu ya kuundwa kwa dola yao, alikusanya riwaya mbalimbali za kisasili cha chanzo cha utawala. Riwaya hizo zinatofautiana katika mengi, lakini kiini chake ni kimoja.

Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na ukoo wake ukatawala kutoka Milansi. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Huku nyuma wakatokea wanawake wageni, watatu kwa idadi, ambao ndio chimbuko la ukoo wa Watwachi. Mtawala alikuwa ameacha agizo kwamba kigoda chake asipewe mgeni yeyote. Agizo halikushikwa, mgeni akakikalia kigoda. Mwenyewe aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Wala hapakumwagika damu. Palifanyika mapatano: mtawala wa Milansi akabaki na Milansi na viunga vyake pamoja na heshima ya kikuhani ya aliyetangulia, na Watwachi wakaichukua nchi iliyosalia. Kutoka kwao zikatokea falme mbili, Nkansi na Lyangalile, ambazo majina yake yamo katika historia iliyoandikwa ya Ufipa.

Mwanahistoria wa shule ya zamani angetaka kujua tukio hili lilitokea mwaka gani. Willis alitufundisha kuuliza swali jingine, yaani kisa kinafanya kazi gani. Alionyesha kwamba Milansi na Watwachi wanasimama kama kichwa na kiuno cha mwili mmoja: upande mmoja ukongwe, utulivu na hekima, upande wa pili ugeni, uzazi na nguvu ya kukua. Nchi haiwezi kuishi kwa upande mmoja. Anayestahili kwa asili hana nguvu za kutosha. Mwenye nguvu hana asili. Kisasili hakilifumbi fumbo hilo macho. Kinaliweka juu ya kitu kidogo cha mbao ambacho mtoto yeyote wa Kifipa angeweza kukiona akilini, yaani kigoda.

4.0 Vigezo Vitatu

4.1 Swali la Kweli

Kigezo cha kwanza tunachokipata Milansi ni kwamba chini ya ajabu pawe na swali ambalo jamii haiwezi kulikwepa. Tukiishika filamu ya mwaka 2003 kwa kigezo hicho, tunakuta jambo la kustaajabisha. Katika mji mkuu wa Gondor kiti cha enzi kiko wazi. Wasimamizi wameitawala nchi kwa vizazi kwa niaba ya mfalme asiyekuwepo, na msimamizi wa sasa, Denethor, huketi kwenye kiti kilichowekwa chini ya ngazi za kile cha enzi. Amekaa hapo kwa muda mrefu hata amesahau kwamba amana si mali. Mwenye haki anapokaribia, Denethor hamwoni mrithi, anamwona mnyang'anyi.

Mfipa wa kale angeielewa tamthilia hiyo bila mkalimani. Kiti kikiwa kitupu, ni nani mwenye haki ya kukikalia? Aliyekilinda, aliyekizaliwa, au aliyekikuta wazi? Bara letu limelijibu swali hilo kwa bunduki mara nyingi katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Filamu inayolishika swali la namna hii, hata ikilivika majoho ya nchi isiyokuwepo, ina uzito ambao filamu nyingi za uhalisia hazinao.

4.2 Ajabu Yenye Sheria

Kigezo cha pili ni kwamba ajabu iwe na sheria na iwe na gharama. Kisasili cha Milansi hakimruhusu mtawala kurudi kutoka mawindoni na kulikomboa pigo kwa uchawi. Kigoda kikishakaliwa kimekaliwa. Vivyo hivyo Liyongo: kinga yake ni kubwa, lakini ina tundu moja, na tundu hilo halizibiki.

Katika The Return of the King pete ina nguvu zote, ila kila anayeitumia huwa mtumwa wake. Na waandishi hawakumhurumia hata shujaa wao. Frodo, aliyeibeba pete hadi kwenye mlima wa moto, anashindwa katika dakika ya mwisho. Anaitaka iwe yake. Pete inaangamia kwa sababu ya kiumbe aliyeidhinishwa kuishi kwa huruma muda mrefu nyuma, na Frodo anarudi nyumbani akiwa na kidole pungufu na jeraha lisilopona, hata hatimaye analazimika kuondoka kwa merikebu. Filamu rahisi ingempa kombe na karamu. Hapa ndipo ajabu inapokuwa shule ya maadili: haimwahidi mtu kwamba wema utamrudishia vyote alivyovitoa.

4.3 Kazi ya Mikono Mingi

Kigezo cha tatu kinatokana na kazi nyingine ya Wafipa, yaani uhunzi. Uwanda wa Ufipa una mabaki mengi ya tanuri ndefu za kuyeyushia chuma, malungu, zilizojengwa kupita kimo cha mtu na kuvuta hewa zenyewe bila mivukuto, kabla ya chuma kusafishwa tena katika tanuri ndogo. Utafiti wa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Randi Barndon umetupa picha pana ya ufundi huo. Tanuri ilipambwa kama bibi arusi, ikawekewa dawa, ikaimbiwa. Palikuwa na wachimba mawe, wachoma makaa, wajenzi, waganga na waimbaji. Jembe lililotoka hapo halikuwa la mtu mmoja.

Filamu ya utendi hujengwa kwa namna hiyo. The Return of the King haikuteuliwa hata mara moja katika vipengele vya uigizaji. Baadhi ya watu waliliona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa ushahidi. Tuzo zake 11 ziligawanywa kwa mwongozo, mswada, uhariri, muziki, wimbo, sauti, mavazi, maremba, mandhari na madoido ya picha, juu yake ikakaa ile ya filamu bora. Maana yake ni kwamba kilichotuzwa ni tanuri zima. Filamu tatu zilipigwa kwa pamoja huko New Zealand na kutolewa mwaka 2001, 2002 na 2003. Ni kazi ya miaka ya kijiji kizima cha mafundi. Ikiwa tuzo ya filamu bora ina maana tofauti na tuzo ya mwigizaji bora, basi maana yake ni hii.

5.0 Pingamizi

Haifai kuyapita mapingamizi kimya kimya. Lipo linalosema kwamba hizi ni hadithi za watoto. Nadhani Ufipa umekwisha kulijibu. Lipo pia linalosema kwamba wingi wa fedha ndio ulioshinda. Fedha zilikuwepo, lakini filamu nyingi zenye fedha nyingi hazikumbukwi mwaka unaofuata.

Pingamizi zito ni la tatu, nalo linatuhusu moja kwa moja. J.R.R. Tolkien, mtunzi wa kitabu, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, kisha akawa profesa wa lugha huko Oxford. Katika ulimwengu alioubuni, watu wa Kusini wapandao tembo wakubwa wanapigana upande wa giza, na filamu ikawaonyesha hivyo bila kuwapa sauti. Mtazamaji wa Sumbawanga anayo haki ya kuuliza: mimi nimewekwa upande gani wa vita hivi? Swali hilo ni la haki, na tuzo 11 hazilifuti. Ila jibu lake si kuikana aina nzima ya utendi wa ajabu. Jibu ni kutunga tendi ambazo mgeni hana lazima ya kuwa adui. Na hapo kisa cha Milansi kinaipita filamu ya Jackson. Vita vya Gondor vinakwisha kwa kumteketeza adui. Ugomvi wa Milansi unakwisha kwa wageni na wenyeji kugawana heshima na nchi. Mgeni aliyekuja akawa mama wa wafalme.

6.0 Sumbawanga Kwenye Kioo

Ikiwa hali ni hiyo, kwa nini Ufipa haujapata filamu yake? Sehemu ya jibu iko katika sifa ambayo Sumbawanga imepewa. Maelezo yanayosimuliwa sana husema kwamba jina hilo lina maana ya "tupa uchawi", yaani agizo kwa mgeni aache mambo hayo kabla ya kuingia mjini. Kwa kinaya cha ajabu, jina lenye katazo limegeuzwa katika utani wa mitaani kuwa anwani ya wachawi. Tangu filamu za video zilipostawi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, soko limependa hadithi za ulozi, na mara nyingi mlozi amekuwa bibi kizee wa kijijini.

Mabibi na mabwana, hapa hatuzungumzii ladha ya watazamaji peke yake. Katika mikoa kadhaa ya magharibi na ya kanda ya ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kuna ajabu inayoinua na kuna ajabu inayoshitaki. Utendi huuliza, "Nani mwenye haki ya kukaa kitini?" Filamu ya ulozi iliyotungwa kwa haraka huuliza, "Nani amenifanyia hivi?" Swali la kwanza hujenga mapatano. La pili humtafuta jirani.

Kwamba njia nyingine inawezekana, Afrika imeshaonyesha. Souleymane Cissé wa Mali alitengeneza Yeelen kutokana na imani na elimu ya siri ya Wabambara, na mwaka 1987 ikapata Tuzo ya Majaji huko Cannes. Dani Kouyaté wa Burkina Faso aliuingiza utendi wa Sundiata katika Keïta mwaka 1995. Tuzo kuu ya tamasha la FESPACO huko Ouagadougou inaitwa Farasi wa Yennenga, kwa jina la binti mfalme wa masimulizi anayehesabiwa kuwa mama wa Wamossi. Tazameni basi: taji la juu la sinema ya Afrika limevikwa jina la mwanamke wa kisakale, msafiri aliyezaa dola. Wanawake wa Watwachi ni dada zake.

Tanzania nayo ilifungua mlango kwa ajabu. Filamu ya kwanza iliyopelekwa kwa jina la nchi hii kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni ilikuwa Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001. Inahusu daktari kutoka Marekani, mgonjwa aliyenyamaza, na roho ya mzee wa kale inayowaongoza wote wawili kuelekea kupona. Haikufika katika orodha ya mwisho. Lakini walioichagua walitambua kwamba mzimu wa kikongwe unaweza kuwa mwalimu, si mshitakiwa. Jina la Tanzania liliporudi katika kinyang'anyiro hicho mwaka 2022, lilirudi na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, kazi bora ya uhalisia wa kihistoria. Zote mbili ni njia halali. Ninachopinga ni kuifunga mojawapo.

Malighafi ya Ufipa haina uhaba. Mbali na Milansi, kuna Zwangendaba, aliyeuvuka mto Zambezi na Wangoni wake mwezi Novemba 1835, jua likapatwa, kisha akafia Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake wakatawanyika, wengine kuelekea Unyamwezi, wengine Songea, wengine Zambia na Malawi za leo. Kiti kikiwa kitupu tena, katika uwanda uleule! Mtunzi gani wa riwaya angethubutu kubuni sadfa hiyo?

7.0 Hitimisho

Nimedai kwamba filamu ya mwaka 2003 ilistahili taji lake kwa vigezo vitatu: ililiuliza swali la kweli la mamlaka, iliitia ajabu yake katika sheria na gharama, na ilikuwa kazi ya mikono mingi iliyoyeyushwa katika tanuri moja. Vigezo hivyo sikuviazima kwa waamuzi wa Los Angeles. Vilikuwepo Ufipa, katika kisa cha kigoda na katika malungu ya wahunzi.

Kutokana na hayo, ninatoa rai mbili. Idara zetu za Kiswahili ziyakusanye na kuyahariri masimulizi ya Ufipa kwa lugha ya Kifipa na tafsiri ya Kiswahili, ili mwandishi wa mswada wa filamu awe na mahali pa kuanzia pengine zaidi ya uvumi wa mitaani. Na waamuzi wa tuzo zetu za fasihi na sinema, likiwemo Jahazi la Dhahabu la tamasha la Zanzibar, waisome kazi ya ajabu kwa kuuliza inabeba nini, kabla ya kuuliza kama mambo yake yanawezekana. Kijana wa Sumbawanga anayetaka kumtunga mwanamke mgeni akikaribia kigoda kilichoachwa wazi asiambiwe kwamba anaandika mambo ya ushirikina. Anaandika juu ya dola.